Kibano na Kioo

Hombolo,
9 Julai 2023

Aneth, mke mwenzangu,

Mbukwa. Kama huko Arusha umeshasahau kuitikia salamu ya kwenu, basi kaa kimya, nitajua. Mimi ni mzima. Mbuzi ni saba. Yule mweusi amezaa pacha akamkataa mmoja, namnywesha kwa chupa ya soda, ananifuata mpaka kanisani. Violeth jirani anakusalimu. Amepogoa mizabibu yake vibaya, nimemwambia, amenuna siku mbili, leo amekuja kuomba chumvi.

Barua hii naandika mwenyewe, usimsifu mtu mwingine. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la zamani, si la siku hizi. Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Nikikupigia kwa simu ya Violeth unasema sawa Bibi, sawa Bibi, halafu unakata. Kwenye karatasi huwezi kusema sawa ukakata.

Sasa niambie, hiyo kazi yako ni kazi gani? Mzee wa kanisa, Sila, ameniuliza mbele ya watu. Nikamwambia Aneth ana duka. Duka la nini? La vifaa vya michezo. Liko wapi? Ndani ya klabu wanakocheza. Akacheka, ati watu wanacheza halafu wananunua vya kuchezea palepale? Nikamwambia, wewe kitabu cha nyimbo ulinunua wapi, si mlangoni pa kanisa? Lakini nieleze vizuri, safari nyingine nisibahatishe.

Vumbi mwaka huu limezidi. Nikipepeta mtama macho yanawasha mpaka machozi yanatoka. Violeth anadhani nalia. Mimi silii. Nililia Februari, nikamaliza.

Kula vizuri. Ulivyokuwa kwenye ile picha uliyotuma, shingo kama ya bata.

Bibi yako,
Anjelina


Arusha,
30 Julai 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwa pia, sijasahau. Barua yako imefika na basi, karani wa vifurushi akaniuliza kama bado kuna watu wanaandikiana. Nikamjibu, kwetu wapo.

Bibi, duka si langu. Mwenyewe ni Bwana Masudi, mimi na Swaumu tumeajiriwa. Swaumu ni mtu wa Kondoa, ananipikia nikiumwa. Duka ni chumba kimoja kati ya bwawa la kuogelea na viwanja vya tenisi. Tunauza mipira, viatu, kofia, miwani ya kuogelea, na tunaazimisha raketi kwa wageni waliokuja bila zao. Kazi yangu hasa ni kusuka nyuzi za raketi. Zikikatika mtu analeta, naifunga kwenye mashine, napitisha uzi mpya tundu kwa tundu, navuta, nakaza. Ukikaza sana fremu inapinda, ukilegeza mpira hauendi. Wenzangu wanatazama kipimo. Mimi natazama kipimo halafu naugonga uzi kwa kucha na kusikiliza, kama Babu alivyokuwa akifanya na zeze lake. Wachezaji wananitafuta mimi. Wanasema, mpe yule dada anayesikiliza.

Kwa ajili ya vumbi nakutumia miwani ya kuogelea. Mpira wake unabana pembeni, hakuna kinachopita. Usicheke.

Nilitaka kuja Agosti lakini wageni ni wengi.

Mjukuu wako,
Aneth


Hombolo,
20 Agosti 2023

Mke mwenzangu,

Marahaba. Yule mbuzi wa chupa amekua, sasa anaiba. Zabibu zimeanza kuiva, nzi nao wameongezeka.

Miwani imefika. Kwanza niliivaa juu chini, Violeth akanigeuzia. Nikapepeta debe zima, vumbi likabaki nje likinitazama. Basi Jumapili upepo ulikuwa mkali, nikaivaa kwenda kanisani. Kwani kuna sheria? Sila akaniuliza, Mama Anjelina, unakwenda kuzamia bwawani? Nikamwambia, nakwenda kuombea wenye midomo. Kwaya nzima ilikosea wimbo. Siku ya pili mke wa Sila alikuja kimyakimya kuuliza inapatikana wapi. Nikamwambia ni ya duka la mjukuu wangu. Duka ni la mjukuu wangu, hayo ya Masudi uliniambia mimi, hukumwambia mke wa Sila.

Umenifurahisha uliposema unasikiliza uzi. Zeze liko ukutani. Nyuzi zimekatika zote, panya.

Sasa nisikilize. Huko unakopitisha nyuzi kwenye vitundu, lazima una kibano, kile kidogo chenye mdomo mwembamba. Nitumie kimoja, kinachobana sawasawa, si vile vya mnadani vinavyoteleza. Miiba imenisumbua miguuni, huku si unakujua. Na nitumie kioo kidogo cha kushika mkononi. Changu kimevunjika.

Umesema wageni ni wengi. Sawa. Wageni huwa ni wengi.

Bibi yako


Arusha,
3 Septemba 2023

Shikamoo Bibi,

Nimecheka mpaka Bwana Masudi akatoka ofisini. Swaumu anasema lazima akuone kabla hajafa.

Kibano ndicho hiki. Ni changu mwenyewe, cha pua nyembamba, nilikizoea, kinashika hata unywele. Nimenunua kingine. Kioo nimechukua cha duara, kina mkono.

Vaa viatu, Bibi. Wewe kila siku miiba.

Salamu kwa mbuzi mwizi.

Aneth


Hombolo,
29 Oktoba 2023

Aneth,

Nimechelewa kuandika, kazi nyingi. Kibano ni kizuri. Kinashika.

Mistari hii imepanda mlima kwa sababu meza ina mguu mmoja mfupi. Nimemwambia fundi, hasikii. Na wewe acha uchoyo wa karatasi, umeanza kuandika herufi kama mayai ya chawa. Andika kubwa. Barua yako ya mwisho alinisomea Violeth, si kwamba nilishindwa, mikono ilikuwa na unga.

Kuna mwiba umenisumbua wiki nzima. Nimeutoa, umeota mwingine.

Mvua bado. Mbuzi ni sita, mmoja nilimchinja, mwizi.

Bibi


Arusha,
12 Novemba 2023

BIBI YANGU, SHIKAMOO.

Naandika kubwa kama ulivyotaka.

Barua yako niliisoma dukani nikisuka raketi ya mteja. Nikamsomea Swaumu pale pa mwiba kuota mwingine, nikiwa nacheka. Yeye hakucheka.

Akaniuliza, "Bibi yako aliomba kibano?"

"Ndiyo. Cha miiba."

"Na nini kingine?"

"Kioo."

Akaweka chini boksi la mipira. "Aneth, mwiba wa mguuni unautolea kioo cha nini?"

Ndipo akaniambia habari ya mama yake. Kule kwao mama zao wengi wanacho kibano, wanakifunga kwenye pindo la khanga. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza mboni ya jicho kila ukipepesa, kwa hiyo unakaa mlangoni asubuhi penye mwanga, unashika kioo, unang'oa moja moja. Unapata nafuu siku tatu. Halafu zinaota ngumu zaidi. Mama yake aling'oa miaka minane. Sasa anamtambua Swaumu kwa kumpapasa uso.

Bibi, unang'oa kope? Kwa kibano changu?

Swaumu anasema kuna upasuaji mdogo, kope zinarudishwa zitazame nje. Mama yake alichelewa. Wewe hujachelewa. Niambie hujachelewa.

Nijibu haraka.

Aneth


Hombolo,
14 Januari 2024

Kwa Aneth,

Mwandiko huu ni wa Violeth, lakini maneno ni yangu, na ole wake aongeze lake.

Mbukwa. Krismasi ilipita. Mvua imeshika, mtama uko magotini. Sikukujibu haraka kwa sababu mimi si zahanati, siharakishwi. Huyo Swaumu mwambie namsalimu, na mwambie kwao Kondoa wana maneno mengi. Mama yake nampa pole.

Kope ni zangu. Mama yangu aling'oa, bibi yangu aling'oa, na walilima mpaka wamekufa. Walikufa wakiona? Violeth, usiniulize maswali, andika. Haya, walikufa wakiongozwa kwa fimbo, basi umefurahi? Usiandike hilo. Umeandika? Liache.

Mimi naona. Naona bwawa, naona barabara, naona Violeth amevaa gauni la kijani. Anasema ni la bluu. Ni kijani iliyofuliwa sana.

Kibano chako hakina kosa. Usianze kulia juu ya kibano. Ulikitoa kwa moyo, nami nilikiomba kwa uongo. Uongo ni wangu. Kwetu tumezoea kubeba wenyewe, kila mtu na wake.

Fanya kazi yako, kwani Februari inakuja, najua Februari huwa mna mashindano.

Bibi Anjelina

Dada Aneth, hapa naandika mimi Violeth kwa haraka, Bibi ametoka kufukuza mbuzi kwenye mtama, naye anawasikia tu, haoni wako upande gani. Wataalamu wa macho wamekuja zahanati mara mbili. Wamempima. Jicho la kushoto lina kovu dogo, la kulia bado zima, yote mawili yanatibika. Watarudi Alhamisi tarehe 15 Februari. Wanafunga macho yote usiku mmoja, wanafungua asubuhi, kwa hiyo wanataka kila mtu aje na wa kumshika mkono. Nilimwambia nitakwenda naye mimi. Akasema, "Wewe ni jirani. Mimi nina mtu wangu, ila ana kazi." Nikamwambia tumwite. Akasema, "Nilimwita mara moja." Bibi anarudi, naacha.


Arusha,
28 Januari 2024

BIBI,

SHIKAMOO. Violeth, tafadhali msomee yote, hata akikukatiza.

Bibi, Februari ile basi lilikuwepo.

Mliponipigia kwamba Babu amefariki nilikuwa nimesimama kwenye mashine, raketi thelathini zinanisubiri, kesho yake mashindano. Bwana Masudi alikuwa mlangoni. Sikumwambia. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, niliona nikiondoka siku ile nitakuta mtu mwingine amesimama pale. Nikasema moyoni, nimalize hizi thelathini kwanza. Nilipomaliza mlikuwa mmeshazika. Ndipo nikakwambia mabasi yamejaa. Hayakujaa. Sikwenda hata stendi kuuliza.

Kila uzi niliougonga siku ile niliusikiliza kama alivyonifundisha, na yeye yuko ndani ya jeneza. Tangu hapo kila ukiandika nasema wageni ni wengi. Wageni si wengi, Bibi. Nilikuwa naona aibu kukanyaga uwanja wako.

Mashindano ya mwaka huu yanaanza tarehe 15, siku ileile ya macho yako. Jana nilikwenda ofisini kwa Bwana Masudi.

"Naomba ruhusa kuanzia tarehe 14."

"Umechanganyikiwa? Nani atasuka?"

"Swaumu. Nimemfundisha."

"Wachezaji wanakutaka wewe."

"Bibi yangu pia."

Akaniambia niende, ila hajui kama nitakuta nafasi yangu. Nikamwambia sawa. Swaumu alikuwa nyuma ya rafu ya viatu anasikiliza, akanisukumia begi.

Nafika Jumatano tarehe 14, jioni. Hujaniita. Nakuja hivyohivyo. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya kufunguliwa macho, ili ulenge vizuri.

Mke mwenzako,
Aneth


Hombolo,
3 Machi 2024

Aneth, mke mwenzangu,

Mbukwa. Unaiona mistari? Imenyooka. Na mguu wa meza bado ni mfupi, fundi hajaja. Violeth ananichungulia begani, nimemfukuza. Gauni lake ni la bluu. Nimemwambia, hakuringa sana.

Mbuzi wamezaa, sasa ni tisa. Mtama unatoa masuke. Sila amekuja kunitazama, akasema nimekuwa kijana. Nikamwambia na wewe umezeeka, nilikuwa sijui.

Yapo ambayo sikuyasema ulipokuwa hapa, kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikatazwa kulia, macho yalikuwa mabichi. Nayasema sasa.

La kwanza, nilijua basi lilikuwepo. Shemeji yake Sila alikuja msibani kutoka hukohuko Arusha, akasema amelala viti viwili peke yake njia nzima. Alisema mbele yangu, hakujua. Mimi nikampa maji ya kunawa, nikanyamaza. Miezi yote hiyo nilikuwa nakuandikia, nikingoja uniambie wewe mwenyewe. Nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Si kwa sababu hukuja. Watu hawaji, dunia ina mambo. Nilikasirika kwa sababu ulinifanya mtu wa kudanganywa, mimi niliyekufundisha kusema.

Halafu mimi nami nikakudanganya juu ya miiba. Kwa hiyo tumelingana, na mtu yeyote asitukumbushe.

La pili. Ule usiku niliofungwa macho uliniuliza kama naogopa, nikasema nenda kalale. Niliogopa. Kulikuwa kweusi, si kama usiku, ni kama ndani ya chungu. Nikasema moyoni, ndivyo mama yangu alivyokaa miaka yote ile, na mimi nilikuwa nikimpa sahani nakwenda zangu kucheza. Ukanishika mkono. Nilidhani utakuwa laini, mkono wa dukani. Una sugu kwenye vidole viwili, mahali uzi unapopita. Nikatulia. Nikasema kumbe anafanya kazi kweli.

Halafu nikasikia unafungua begi, unapanda stuli, unashusha kitu ukutani. Nikafikiri huyu mtoto anatafuta nini? Nikasikia unavuta, unagonga kwa kucha, unasikiliza. Unalegeza. Unavuta tena. Aneth, nililijua zeze kabla hujalipiga. Hizo nyuzi zako za raketi zina sauti kali kidogo, mume wetu angelalamika, lakini angepiga mpaka asubuhi. Wewe hujui kupiga, tuseme ukweli. Ila kukaza unajua.

Asubuhi yule mtaalamu alipofungua, kitu cha kwanza nilichoona ni pua yako. Nikasema nyamaza wewe, huyu mzee amerudi. Ndiyo maana nilicheka, ukadhani nimechanganyikiwa. Pua ni yake kabisa, nami nilikuwa nimeanza kuisahau.

Uliponipeleka kaburini, mimi nilisimama mbali nikitazama mbuzi. Uliyomwambia ni yako na yeye. Ulikaa sana. Ilitosha.

Sasa habari za Masudi. Umeandika amekuachia nafasi yako kwa sababu Swaumu alikaza raketi sita mpaka mbili zikapinda. Mwambie Swaumu asione haya, na asante. Mwambie mama yake namwalika, nitamtengenezea mlenda, tutakaa tusemezane. Masudi mwambie nimemsamehe, ingawa hakuomba.

Julai tunapepeta. Unakuja, sikuulizi. Miwani ninayo moja, wewe njoo na yako, na ya Violeth, na ya mke wa Sila, wameniandama. Tutakaa uwanjani wanne na miwani yetu, Sila apite aseme tena.

Kifurushi hiki usikifungue barabarani. Kina karanga, kina zabibu za kukausha, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, kuna kibano chako. Nimekisugua kwa majivu. Ni kizuri, kisukie raketi. Mimi sina mwiba tena.

Kioo sikirudishi. Kila asubuhi nakaa nacho mlangoni penye mwanga, kama zamani. Najitazama tu.

Bibi yako,
Anjelina